Baada ya kongamano vijana wanapoa: nifanyeje wamtumikie Mungu kweli?

SWALI: Mimi ni mlezi wa vijana kanisani kwetu. Daftari langu lina majina 40, wa miaka 13 hadi 24. Kila tukitoka kwenye kongamano wanarudi wakiwaka, wamelia, wamejitoa kwa Bwana. Wiki tatu haziishi, wameshapoa. Kazi zote hufanywa na walewale sita. Mmoja wa hao sita ndiye anayeongoza sifa, na hatuna mwingine anayemfikia, ila mwenendo wake nje ya kanisa umeanza kusemwa. Nifanye nini ili utumishi wao usiwe wa msimu? Na huyu kijana, nimwondoe?

JIBU: Mlezi mpendwa, anza na hilo daftari. Mbele ya kila jina andika kazi moja ambayo kijana huyo asipofika Jumapili itakwama, au itabidi mtu akimbizane kutafuta wa kuishika. Kwa maelezo yako, mistari sita itajaa na 34 itabaki mitupu. Tatizo lako liko katika mistari hiyo mitupu. Kongamano limefanya kazi yake. Kijana aliyesimama mbele usiku wa mwisho akasema "Bwana, nitume" amerudi kanisani na hakuna anayemtuma popote. Anakaa benchi lilelile, anaimba nyimbo zilezile, anasikiliza mahubiri kama zamani. Jumapili ya tatu ameshaelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba maneno yale ni ya kusemwa kambini.

Si hali mpya. Mwaka 1881 mchungaji Francis Clark wa mji wa Portland, jimbo la Maine huko Marekani, alikuwa na vijana wengi waliompokea Kristo majira yale ya baridi, naye akajiuliza atawafanyia nini wasipotee. Aliwakusanya nyumbani kwake Februari 2 akaanzisha chama chenye sharti zito: kila mwanachama ahudhurie mkutano wa kila wiki na ashiriki kwa namna fulani, hata kama ni kusoma mstari mmoja tu. Juu ya hapo kulikuwa na kamati, kila moja na shughuli yake. Chama hicho, Christian Endeavor, kilienea nchi nyingi. Hakuna haja ya kuiga jina wala utaratibu wake wote. Linalofaa kuchukuliwa ni lile sharti, kwamba hakuna anayekuja kutazama.

Sasa, kazi gani? Iwe ndogo, iwe ya kweli, na pengo lake lionekane. Kufungua kanisa na kuwasha taa nusu saa kabla ya ibada. Kukaa mlangoni na kuandika majina ya wageni, kisha kuwapigia simu kabla ya Jumatano. Kusoma somo la Biblia ibadani. Kushika mitambo ya sauti. Kuongoza maombi ya dakika tano katika kundi la watu wanane. Kumtembelea mzee mmoja asiyeweza tena kufika kanisani, yuleyule kila wiki ya pili. Kusaidia darasa la watoto. Kuandika mahudhurio. Kazi ya kutunga tu ili kijana aonekane ana kazi haifai; vijana huinusa upesi sana.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo limeenea zaidi: vijana kufanywa vibarua. Viti wapange wao, vyombo wabebe wao, jukwaa wafunge wao, lakini Biblia isomwe na wazee na maombi yaongozwe na wazee. Kijana wa namna hiyo hajifunzi kumtumikia Mungu, anajifunza kwamba yeye ni misuli ya kanisa. Mpe kila mmoja kazi mbili: moja ya mikono na moja inayomgusisha Neno au mtu. Samweli alikuwa na zote. Alimtumikia Bwana mbele ya kuhani Eli, mlezi wake, na kazi yake mojawapo ilikuwa milango. Usiku mmoja Mungu alimwita kwa jina, akapewa neno zito kuhusu nyumba ya mlezi wake mwenyewe. Asubuhi, katika 1 Samweli sura ya tatu mstari wa 15, tunasoma kwamba aliifungua milango ya nyumba ya Bwana. Ufunuo haukumtoa kwenye zamu. Elisha naye, alipotafutwa nabii wa kuulizwa, alitambulishwa kama yule aliyekuwa akimimina maji juu ya mikono ya Eliya.

Kumkabidhi kijana kazi kuna ngazi zake, na walezi wengi huruka mbili za katikati. Kwanza anatazama mwenye kazi akiifanya, wiki mbili, na baada ya kila mara anaelezwa kwa nini imefanyika vile. Kisha anasaidia sehemu moja, wiki tatu au nne. Kisha anaifanya yote huku mwenye kazi amekaa karibu kimya. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu mkubwa akiona kosa dogo mkono unamwasha kurekebisha palepale. Ajizuie, isipokuwa kosa linaumiza mtu. Kisha anaifanya peke yake na kutoa taarifa. Mwisho anapewa wa kumfundisha, na mpaka hapo hajamaliza. Paulo alimwandikia Timotheo ayakabidhi aliyoyasikia kwa "watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine": tayari hapo kuna vizazi vinne. Ngazi zote, kwa kazi ya kawaida, huchukua kama miezi mitatu hadi minne. Kinachovunjika mara nyingi ni kumtoa kijana kwenye kutazama moja kwa moja hadi peke yake. Anaaibika mbele ya watu, anajiuzulu kimyakimya, na kanisa linasema vijana wa siku hizi hawana moyo.

Taarifa isisahaulike. Bwana Yesu aliwatuma wale sabini wawili wawili, na waliporudi walimweleza. Akawasikiliza, akafurahi nao, tena akawarekebisha palepale walipofurahia jambo lisilo sahihi: wasifurahi kwamba pepo wanawatii, wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Kwa hiyo wape wenzi, na weka siku ya kusikiliza. Dakika 20 mara moja kwa mwezi kwa kila kazi zinatosha: nini kilikwenda, nini kilikwama, tumwombee nani.

Nikae kidogo kwenye kazi ya kutoa neno, maana ndiyo inayotamaniwa na ndiyo inayoharibiwa. Usimpe kijana dakika 40. Mpe kumi, na mpe andiko siku saba kabla, lisilozidi mistari kumi. Siku mbili za kwanza asome tu, mara tano au sita, na aandike maswali: nani anasema, kwa nani, kabla yake kulikuwa na nini. Siku ya tatu aandike kwa sentensi moja yake mwenyewe andiko linasema nini. Asipoweza kuiandika hiyo sentensi, hana la kusema bado. Arudi kwenye kusoma, asikimbilie kutafuta visa. Siku ya nne na ya tano aandike maelezo, mfano mmoja tu, na jambo moja ambalo msikilizaji anaweza kulifanya wiki hiyo. Siku ya sita akusomee wewe kwa sauti, saa ikiwa mezani. Zikizidi dakika kumi, akate mfano kabla ya kugusa andiko. Mambo matatu huharibu neno la kijana: kurundika mistari 15 isiyohusiana, kuigiza sauti na mikono ya mhubiri anayempenda, na kuwagombeza wazee. La kwanza na la pili huisha kwa mazoezi. La tatu likatae waziwazi siku ya sita, kabla hajasimama.

Akishuka, mpongeze kwa salamu tu. Maoni yasubiri kesho au keshokutwa, mkiwa mmetulia. Mtajie jema moja kwa jina lake ("ulipoeleza kwa nini Petro alikana, watu walikuelewa") na jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Ukimpa matano, ataondoka na hisia kwamba ameshindwa na hatakumbuka hata moja.

Haya yote huwezi kuyafanya peke yako kwa watu 40, wala usijaribu. Jitafutie watu wazima wanane, kila mmoja apewe vijana watano. Usitafute wachangamfu wala wanaojua lugha ya vijana. Tafuta wanaotimiza ahadi, wanaotunza siri, na ambao ndoa zao, kazi zao na madeni yao havina la kuficha. Mjane wa miaka 60 anayeomba kwa majina huweza kulea wasichana watano vizuri kuliko kijana wa miaka 26 mwenye gitaa. Wakutane kila baada ya wiki mbili, dakika 45, na maswali yawe machache na yaleyale: umesoma nini na kimekugusa wapi, kazi yako ya kanisani inaendaje, kuna jambo gani nyumbani, shuleni au moyoni la kuombea. Marko anasema Bwana aliwaweka wale kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri". Kuwa pamoja naye kumetajwa kwanza. Mlezi anayemwona kijana siku ya zamu tu, siku ya dhiki hataitwa.

Kuna masharti ambayo usiyalegeze kwa yeyote, hata kwa mtu mnayemwamini miaka 20. Mlezi na kijana wawe wa jinsia moja. Wakutane mahali panapoonekana na watu, na mzazi ajue siku na saa. Ujumbe wa simu kwa walio chini ya miaka 18 upite kwenye kundi lenye mtu mzima mwingine ndani yake. Darasa la watoto lisikae na mtu mzima mmoja peke yake. Wawili daima, kijana msaidizi hahesabiwi. Na kila kijana aambiwe tangu mwanzo: siri zako nitazitunza, ila ukiniambia kwamba unaumizwa, au unataka kujiumiza, au unamuumiza mtu, hapo nitatafuta msaada. Fedha za vijana zihesabiwe na wawili, ziandikwe siku hiyohiyo, wote wawili waweke sahihi. Hili humlinda kijana mwaminifu kuliko linavyomzuia mwizi.

Umri nao utazame. Wa miaka 13 hadi 15 wape kazi za muda mfupi zenye mwenzi, na usiwape usimamizi wa wenzao. Wakipewa, wengi hugeuka polisi. Wa 16 hadi 18 wanaweza kushika kazi ya robo mwaka na ndio wenye maswali makali: kwa nini Mungu anaruhusu mateso, Biblia inaaminikaje, mbona wazee wanasema hivi na kutenda vile. Tenga saa moja kwa mwezi ya maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi bila majina. Usilolijua, sema utalichunguza, na ulete jibu mkutano unaofuata. Swali lililozimwa kwa "wewe amini tu" haliondoki. Linakwenda kujibiwa pengine. Wa 19 na kuendelea wape kazi yenye bajeti na watu chini yao, na wakae kwenye kikao kinachoamua. Mtu wa miaka 22 anayeombewa kama mtoto ataondoka, na atakuwa na sababu. George Williams alikuwa na miaka 22, mfanyakazi wa duka la vitambaa London, alipoanzisha YMCA, chama cha Kikristo cha vijana wa kiume, na wenzake mwaka 1844.

Wale sita wako. Weka kanuni: hakuna mtu mwenye kazi zaidi ya mbili, na kila mmoja awe na mwanafunzi wake ndani ya mwezi mmoja, kwa jina. Watapinga, tena wengine kwa machozi, kwa kuwa wamezoea kuwa wa lazima. Na ubora utashuka miezi miwili ya kwanza: nyimbo zitaanza kwa sauti isiyo yake, ripoti zitachelewa, vipaza sauti vitapiga kelele. Mwambie mchungaji mapema, la sivyo Jumapili ya tatu atakuagiza uwarudishe walewale na mpango mzima utafia hapo.

Kazi ziwe za wiki 12, kisha mapumziko ya wiki mbili na nafasi ya kubadilisha. Kijana huona shida kukubali kazi isiyo na mwisho, na akishaikubali huona aibu kuiacha, basi anachelewa, anakosa, mwishowe haji kabisa. Wakati wa mitihani punguza kwa nusu au simamisha, na ufanye hivyo kabla mzazi hajalalamika. Mzazi akiona kanisa linajali masomo ya mwanawe, atakuwa upande wako. Mweleze pia kwamba sehemu kubwa ya malezi ni yake: Kumbukumbu la Torati sura ya sita inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuondoka. Kwa mzazi anayeamini peke yake nyumbani, mwonyeshe Timotheo: baba yake alikuwa Myunani, na imani anayoisifu Paulo ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Kongamano lijalo liandaliwe kinyume na mlivyozoea. Kabla hamjaondoka, uwe na orodha ya nafasi zilizo wazi. Mkirudi, kila kijana aonwe na mlezi wake ndani ya siku saba, na aulizwe: ulimwambia Mungu nini, unaacha nini, unaanza nini. Jumapili ya pili awe kwenye ngazi ya kutazama. Machozi usiyahesabu, wala yasikusumbue yasipokuwepo. Wapo vijana wakavu wa macho ambao miaka kumi baadaye ndio nguzo. Ila yule anayejitoa upya kila kongamano, mara tatu au nne kwa mwaka, usimwitie mbele tena. Huyo kwa kawaida ana dhambi moja inayomrudia na hajui kwamba amesamehewa. Anahitaji kufundishwa msamaha taratibu, kusaidiwa kubadilisha mazoea, na mtu wa kumpigia simu saa tano usiku.

Na anayesema ameitwa kuwa mchungaji? Usimcheke, usimtangaze. Eli hakumwambia Samweli kwamba amekuwa nabii. Alimrudisha kulala, akamfundisha maneno ya kujibu, na asubuhi akadai kusikia lililosemwa. Mpe mwaka mmoja hadi miwili ya kazi isiyoonekana, aendelee na masomo au ufundi wake, na watu watatu wanaomfahamu nyumbani na kazini waulizwe habari zake. "Hawa na wajaribiwe kwanza", imeandikwa kuhusu mashemasi.

Sasa kijana wa sifa. Usimwondoe kwa sababu anasemwa, na usimwache kwa sababu anaimba. Mwite, wewe na yeye peke yenu, mahali panapoonekana na watu, umtajie lile lililosikika na umwache aseme. Ikiwa ni uzushi, mlinde hadharani. Ikiwa jambo hilo limemuumiza mtu, hasa aliye mdogo kwake, halipo tena mikononi mwako: lifikishe siku hiyohiyo kwa viongozi wa kanisa na kwa mamlaka husika, na yeye asikaribie tena kazi ya watoto. Ikiwa ni anguko lake mwenyewe na amelikiri, apumzike kuongoza wiki 12. Mwambie tarehe ya kuanza na tarehe ya kutazamwa upya, aone kuwa hajafukuzwa. Mlezi wake amwone kila wiki badala ya kila wiki mbili. Abaki na kazi moja ya mikono. Kikundi cha sifa kielezwe kwa sentensi moja, kwamba amepumzishwa kwa muda na tunamwombea, na mwenye kutaka zaidi asipewe.

Yohana Marko aliwaacha wenzake safarini, na Paulo na Barnaba wakatengana kwa ajili yake. Barnaba akamchukua. Miaka baadaye Paulo yuleyule aliandika, "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Katikati ya hayo palikuwa na mtu aliyekubali kusafiri naye, na palikuwa na muda. Utashawishika kuufupisha muda huo, hasa Pasaka au Krismasi ikikaribia na sifa zikiwa zimelegea. Usiufupishe. Na siku tarehe yake itakapofika, kama mlezi wake ameridhika, asianze na kuongoza. Aanze na kuitikia, wiki nne, nyuma ya yule aliyekuwa mwanafunzi wake.